Sakafu ya boti ya faiba ikioza: maswali ninayoulizwa kila mara

Hapa nazungumzia boti ndogo za faiba, futi 14 hadi 20, za mashine ya nje: za mishipi, za kuvusha watu, za kupeleka wageni kwenye miamba. Maswali nimeyapanga kama yanavyokuja, na kwa kawaida huanza kuja siku mguu wa mtu umezama kwenye sakafu.

Faiba haiozi. Sasa sakafu yangu imeozaje?

Kweli, faiba haiozi. Kinachooza ni mbao iliyofichwa ndani yake. Sakafu nyingi za boti hizi ni plaiwudi iliyovikwa faiba upande wa juu. Upande wa chini mara nyingi umepakwa resini (ile gundi ya maji inayogandisha faiba) mkono mmoja tu, au haukupakwa kabisa. Chini ya plaiwudi kuna mihimili ya mbao inayotoka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma), nayo imevikwa faiba. Maji yakishapata pa kuingilia, hayana pa kutokea. Kuvu wanaokula mbao wanataka unyevu, hewa na joto. Hewa ipo, joto la pwani wanalipenda, kwa hiyo wanachongojea ni maji tu.

Na hayo maji karibu kila mara yanapita kwenye tundu lililotobolewa na binadamu. Skrubu za mguu wa kiti, kamba ya kufungia betri, kifuniko cha kukagulia tangi, kishikio cha fimbo za kuvulia kilichofungwa haraka haraka asubuhi ya safari. Usipoitafuta njia hiyo ukaiziba, hata uweke sakafu nzuri vipi, utarudi kuibomoa.

Wazee wa majahazi hunicheka. Mbao zao zinalowa kila siku na zinadumu. Lakini mbao za jahazi ni mvule au mbambakofi, unene wa kutosha, zimepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, zinapata hewa, na maji yanayozilowesha ni ya chumvi. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti laini zilizogandishwa kwa gundi kisha zikafungiwa gizani.

Boti yangu hukaa baharini. Chumvi haiihifadhi mbao?

Inasaidia, maana kuvu hawa hawapendi chumvi. Boti inayooza upesi si ile inayotoka kila siku. Ni ile iliyopandishwa juu, ikaachwa bila turubai, masika ikaijaza mpaka vyura wakahamia. Adui ni maji ya mvua. Wenzetu wa Mwanza na Kisumu hawana hata hiyo nafuu, kwa kuwa maji ya ziwa ni matamu juu na chini.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza kumwaga gunia la chumvi chini ya sakafu liwe dawa. Hapana. Chumvi inavuta unyevu, na kama tangi lako ni la alumini italila.

Nitajuaje imeoza kiasi gani kabla sijabomoa?

Chukua bisibisi kubwa, geuza mpini, gonga sakafu yote hatua kwa hatua kama unayechagua nazi. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu na kali. Iliyooza inajibu kwa sauti nzito, ya kufa. Zungushia kila sehemu mbaya kwa chaki.

Halafu fungua skrubu moja ya mguu wa kiti. Ikija na kutu nyeusi na maji kidogo, tayari umeshajibiwa nusu. Mwisho toboa. Tumia keekee ya milimita 5, na uizungushie utepe milimita 15 kutoka nchani ili usipitilize ukatoboa tangi au ganda la boti. Angalia kinachotoka: vumbi jeupe linalopeperuka ni mbao kavu. Ikitoka tope ya kahawia iliyogandamana kwenye keekee, na inanuka kama chungu kilichosahaulika na maji, hiyo imekwisha. Toboa hivyo pia ubavuni mwa mihimili, sehemu ya chini kabisa, karibu na tezi, kwa sababu huko ndiko maji yanakotelemkia. Usishangae tundu likianza kudondosha maji lenyewe na likaendelea hadi kesho yake.

Vitundu hivi utaviziba baadaye, havina hasara.

Siwezi kuweka ubao mpya juu ya ule wa zamani, nikamaliza siku mbili?

Unaweza, na mimi nilifanya. Boti ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya binamu yangu, futi 17. Tuliweka plaiwudi ya milimita 9 juu ya sakafu iliyokuwa ikibonyea, tukaivika faiba, tukapaka rangi ya kijivu, watu wakasifu. Mwaka wa pili mashine ya nguvu za farasi 40 ikawa haiinui pua tena hata akiwa peke yake. Tulipofungua, katikati ya ubao mpya na wa zamani mlikuwa na uji mweusi, na ubao mpya umeanza kuoza kutoka chini. Povu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu lilikuwa limejaa maji: kipande cha ukubwa wa mto wa kulalia kilishindwa kuinuliwa kwa mkono mmoja.

Ukifunika mbao yenye maji umewapa kuvu paa. Na uzito wote unabaki ndani. Sakafu ya zamani lazima itoke.

Nianzie wapi kubomoa?

Anza na namna boti ilivyokaa. Hili watu hulipita haraka na ndilo linaloharibu boti kabisa. Sakafu na mihimili ndivyo vinavyolishika ganda lisibadilike umbo. Ukivitoa huku boti imekalia magogo mawili, tumbo linabonyea. Kisha unaweka sakafu mpya, faiba inaganda, na tumbo linabaki hivyo hivyo maisha yake yote. Boti ya namna hiyo ikikimbia inapiga pua majini na hujui kwa nini. Kwa hiyo itegemeze mahali pengi: chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) kwa urefu wote, na pembeni kila mita moja, kwa mbao zilizofungwa zulia kuukuu. Kabla hujakata kitu, vuta uzi kutoka omo hadi tezi, pima kina kutoka kwenye uzi hadi ganda sehemu nne au tano, andika. Ukimaliza kazi vipimo hivyo viwe vile vile.

Pili ni petroli. Kama kuna tangi chini ya sakafu, litolewe, na betri itolewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala ndani ya ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika), na cheche moja ya grenda inatosha. Usiniambie tangi lilikuwa tupu, maana tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Kisha chora mstari kuzunguka sakafu yote, sentimita 5 kutoka ukutani. Weka msumeno wa mviringo kina cha unene wa sakafu tu, mara nyingi milimita 12 hadi 15 pamoja na faiba yake, ukate kwenye mstari. Ule ukingo unaobaki unakuonyesha urefu halisi wa sakafu ulivyokuwa, na utausaga baadaye ukishapima. Sakafu iliyooza sana utainyanyua kwa mikono kama ukoko wa wali. Palipobaki pazima ndipo utakapotoa jasho.

Piga picha kila hatua. Wiki mbili baadaye hutakumbuka waya wa pampu ulipita wapi.

Povu lililokuwa chini nilitupe?

Likiwa kavu, libakishe. Ukilikamua na maji yakatoka, litoe lote. Halikauki, hata uliache juani mwezi mzima, na wanaotoboa vitundu eti lipumue wanapoteza muda.

Ila usiliondoe ukaacha patupu bila kuweka kitu badala yake. Lile povu halikuwekwa kuzuia kelele. Limewekwa ili boti ikijaa maji isizame, ibaki ikielea watu wakiishikilia. Povu la kumimina la chupa mbili, lile la kilo 32 kwa mita ya ujazo, kila lita 100 zake zinabeba karibu kilo 97. Kama hulipati au bei imekushinda, madumu yanafanya kazi: dumu la lita 20 lililofungwa vizuri linabeba kama kilo 19. Madumu kumi chini ya sakafu ni karibu kilo 190. Sharti yabanwe yasicheze, yasiguse mahali penye msumari, na vifuniko vipakwe gundi. Sifa yake nyingine ni kwamba hayanyonyi maji, na maji yanapita katikati yake kwenda tezi. Mimi siku hizi napendelea madumu kuliko povu, ingawa kuna mafundi hawataki kulisikia hilo.

Mihimili nayo imeoza. Boti imekufa?

Haijafa. Imekuongezea wiki moja.

Kanuni ni moja: usitoe yote kwa pamoja. Toa mmoja, urudishe, ugande, ndipo uhamie mwingine. Mara nyingi ganda la faiba lililouvika mhimili bado ni zima ingawa ndani mbao imegeuka unga. Ukate juu, uchokoe uchafu wote, na mfereji ule wa faiba ukupe kipimo cha mbao mpya. Lakini usiishie kutumbukiza mbao humo na kumimina resini. Saga faiba ya pembeni, uuvike upya, ushuke ubavuni na utandae juu ya ganda sentimita 10 kila upande.

Watu hawaamini nikisema kwamba nguvu kubwa ya mhimili iko kwenye faiba iliyouvika, na mbao ya ndani kazi yake kubwa ni kuipa umbo. Kwa hiyo mbao nyepesi iliyonyooka na kavu inafaa. Mvule ni mti wa heshima lakini ni mzito na una mafuta. Ukiutumia, futa kwa asitoni muda mfupi kabla ya kupaka resini. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani ya mchwa usiweke, hasa zikiwa mbichi, kwa kuwa resini haishiki vizuri.

Kila mhimili unaokatiza boti uachie vitundu vya kupitishia maji chini kabisa. Lalisha kipande cha bomba la PVC la nusu inchi au zaidi, kigandishwe kwa faiba, ili maji yapite bila kugusa mbao. Hili ni jambo la dakika kumi. Boti nyingi nilizofungua zilioza kwa sababu maji ya upande mmoja hayakuwa na njia ya kufika kwenye kizibo cha tezi.

Plaiwudi gani?

Ile ya boti, iliyogongwa muhuri wa BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti), kama mfuko unaruhusu. Tofauti yake si gundi peke yake. Tabaka zake za ndani hazina mapengo. Plaiwudi ya kawaida ukiitazama ubavuni unaona matundu kati ya tabaka, na kila tundu ni mfereji wa maji.

Kama huipati, tafuta ya nje yenye gundi isiyoyeyuka, wanayoiandika WBP. Lakini usiamini maandishi. Niliwahi kuuziwa shiti mbili za "marini" zenye muhuri mzuri kabisa, na kipande nilichokichemsha kikafunguka kama kitabu. Tangu siku hiyo naomba kipande kwanza, nakichemsha kwenye sufuria saa moja hadi mbili, nakiacha kikauke, nakichemsha tena. Kikibaki kimeshikana, nanunua. Muuzaji anayekataa kukupa kipande cha kiganja amekuambia unachotaka kujua.

Unene: pima ule wa zamani mahali palipobaki pazima. Milimita 12 ndiyo ya kawaida kama mihimili imeachana sentimita 40 hadi 50. Shiti ni futi 4 kwa 8, na boti ya futi 17 kwa kawaida inakula mbili.

Resini ya poliesta au ya epoksi?

Epoksi inashika mbao na faiba ya zamani kuliko poliesta, na inazuia maji vizuri zaidi. Poliesta ni nafuu mno, inapatikana, na ndiyo iliyoijenga boti yako. Kazi ya poliesta iliyosagwa vizuri inadumu. Kazi ya epoksi iliyopakwa juu ya vumbi inabanduka. Kwa hiyo pesa ikiwa kidogo, nunua poliesta, na kilichobaki nunua msasa.

Kuna mambo yanayowachanganya watu hapa. Mati ya nyuzi zilizotawanywa imeshikanishwa kwa unga unaoyeyuka ndani ya poliesta. Ndani ya epoksi hauyeyuki vizuri, mati inabaki ngumu na nyeupe. Ukichagua epoksi, tumia kitambaa kilichofumwa. Pia unaweza kupaka epoksi juu ya poliesta iliyoganda, ila usipange kupaka poliesta juu ya epoksi. Na epoksi haina mchezo wa kuongeza hadna (dawa ya kugandisha) ili igande haraka: kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, na ukizidisha inabaki laini milele. Mafundi waliozoea poliesta huumia hapa.

Hadna nitie kiasi gani? Yangu iliganda kwenye kopo.

Poliesta inataka hadna asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Kilo moja ya resini, asilimia 1.5 ni gramu 15. Nunua bomba la sindano la famasi upimie, achana na habari ya kizibo cha soda. Chini ya asilimia 1 usishuke, haitaganda sawasawa hata ukingoja wiki. Juu ya 2 usipande, inaganda kwa hasira na kupasuka.

Ila hapa kwetu tatizo ni jua. Vipimo vya kwenye kopo vinahesabu nyuzi 20 au 25. Januari, kaskazi inavuma, chini ya bati ni nyuzi 33, resini uliyoichanganya saa saba mchana inakuwa jeli kabla hujamaliza ubao mmoja. Shuka hadi asilimia 1, changanya nusu kilo kwa mara moja, na baada ya kuchanganya imwage kwenye sinia bapa. Ikikaa imerundikana kwenye kopo, joto lake lenyewe linaiharakisha. Ukiona kopo limeanza kutoa moshi, litoe nje uliweke juu ya mchanga, mbali na asitoni. Usilitupe kwenye pipa la taka. Linaweza kuwasha moto.

Mbao kavu ipake jioni, joto likiwa linashuka. Asubuhi jua likipanda hewa iliyo ndani ya mbao inatanuka na kutoka, nayo inakujazia mapovu kwenye resini mbichi. Joto likishuka, mbao inavuta hewa ndani na inainyonya resini pamoja nayo. Lakini usiku ukianza kutona umande, acha.

Jambo moja la uhai. Resini nyingine inauzwa na chupa mbili pembeni, koboti (ya kuharakisha) na hadna. Zisikutane kamwe zenyewe kwa zenyewe, zinalipuka. Koboti changanya kwanza ndani ya resini mpaka ipotee kabisa, ndipo utie hadna. Ukinunua resini iliyokwisha kutiwa koboti, na wengi wanauza hivyo, umeepuka balaa hilo lote.

Vumbi linawasha vibaya. Nijikinge vipi?

Vaa mikono mirefu, funga mikono ya shati kwa utepe juu ya glavu, jipake poda ya talki shingoni na kwenye viwiko kabla ya kuanza. Ukimaliza oga maji baridi, usijisugue. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Kuwashwa kunapita. Mapafu na macho ndiyo ya kuogopa zaidi. Kitambaa usoni si kinga: kwa vumbi vaa barakoa ya P2 au P3, na kwa harufu ya resini vaa ile yenye makopo ya kuchuja mvuke. Miwani usiivue wakati wa kupima hadna. Tone moja jichoni linaweza kukupofua, na dawa yake ya kwanza ni maji mengi safi papo hapo, dakika 15 au zaidi bila kuacha, halafu hospitali. Ndoo ya maji safi iwe karibu kabla hujafungua chupa.

Haya, nimeshasafisha. Sakafu mpya naiweka vipi?

Hapa twende taratibu.

Saga kwanza. Msasa namba 36 au 40 kwenye grenda, ukuta wote unaozunguka mahali sakafu itakapokaa, sentimita 10 juu na 10 chini, mpaka rangi, uchafu na mng'ao vimeondoka na unaona faiba imefifia kama kioo kilichokwaruzwa. Pembe za ndani usizisahau. Kisha fyonza vumbi, futa kwa asitoni na kitambaa safi. Kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu.

Kata kielelezo kwa katoni. Katoni ya friji inatosha nusu ya boti. Kata katoni ndogo kuliko nafasi, kisha bandika vipande vidogo pembeni kwa utepe mpaka vigusane na ukuta kila mahali. Hamishia kwenye plaiwudi, ukate, ujaribu, upunguze. Maungio ya shiti yaangukie juu ya mhimili. Ubao usigusane na ukuta wa boti: acha milimita 5 pande zote. Ukiubana, ganda likipigwa na wimbi linakunjikia kwenye ukingo ule ule kila siku, na baada ya muda utaona ufa kwa nje, mstari mrefu usiojua umetoka wapi.

Sasa paka upande wa chini wa ubao, mikono miwili au mitatu, nao ugande kabla ya kuuweka. Kingo zipake zaidi ya hapo, kwa kuwa maji yanaingilia kwenye ncha za nyuzi kuliko kwenye uso. Ukivuka hatua hii umerudia kosa la kiwandani.

Changanya resini na unga wa kuzidishia uzito upate puti, mpaka iwe kama siagi ya karanga, ambayo kijiko kikisimama hakianguki. Panga tuta lake juu ya kila mhimili. Shusha ubao, ubonyeze mpaka puti itokeze pembeni. Juu yake weka madumu ya maji, kila moja kilo 20. Hayo ndiyo klempu zangu, na hayaachi tundu. Kesho yake jaza lile pengo la milimita 5 kwa puti hiyo hiyo, na pembeni uivute kwa mgongo wa kijiko iwe na mviringo laini. Faiba haipendi kona kali, inainuka na kuacha hewa chini.

Kisha faiba. Kwanza ukanda wa mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, upana wa sentimita 15, nusu ukutani nusu sakafuni, kuzunguka boti nzima. Juu yake ukanda mpana zaidi. Halafu sakafu yote: mati, kitambaa kilichofumwa, mati tena, kama boti inafanya kazi ya kubeba. Kama ni ya matembezi, mati mbili zinatosha. Paka resini kwanza kwenye ubao, laza mati, ipake kwa kuigonga na brashi, usiivute, maana ukiivuta nyuzi zinakusanyika kama nywele kwenye kitana. Nyeupe yote ipotee. Pita na rola ya chuma yenye meno mpaka mapovu yote yatoke. Povu la hewa utaliona kama doa jeupe. Likiganda humo, baadaye kisigino cha mtu kitalivunja.

Tabaka zifuatane siku ile ile. Zikipita saa 24, saga tena kidogo kabla ya inayofuata.

Ninunue vifaa kiasi gani?

Kwa boti ya futi 17, sakafu ya kama mita 5 za mraba, mihimili mizima, mati mbili juu: shiti mbili za plaiwudi, mati ya gramu 450 mita za mraba 15 pamoja na kanda za pembeni, na resini kilo 25. Hesabu yake ni rahisi. Mati inakunywa resini zaidi ya mara mbili ya uzito wake, kitambaa kilichofumwa kinakunywa takriban uzito sawa na wake. Ongeza ya kupaka chini na ya puti. Hadna nusu lita itabaki. Asitoni lita 5, brashi nyingi za bei ya chini, msasa usiohesabu.

Mihimili ikiwa mibovu, resini iwe karibu maradufu.

Imeganda lakini inanata ukiigusa. Nimekosea?

Pengine hujakosea. Poliesta ya kawaida haigandi vizuri usoni mahali inapoguswa na hewa. Mkono wa mwisho unatiwa nta maalumu iliyoyeyushwa, inapanda juu na kuizuia hewa. Ukisahau, futa kwa asitoni, saga, paka mkono mwingine wenye nta. Ikiwa laini hadi ndani, ukucha unazama, hapo hadna haikutosha au haikuchanganyika. Hakuna dawa, kwangua uanze tena.

Epoksi iliyoganda ikiwa na mafutamafuta juu, ioshe kwa maji na sponji kabla ya kusaga.

Na rangi?

Yoyote ya boti. Rangi ikiwa mbichi nyunyizia mchanga mwembamba uliooshwa chumvi na kukaushwa, ukikauka fagia uliozidi, paka mkono wa pili. Sakafu laini yenye maji na damu ya samaki itakuvunja kiuno.

Viti navirudishaje bila kutoboa?

Lazima utoboe, ila kwa adabu. Toboa tundu kubwa mara mbili ya skrubu, lijaze epoksi iliyozidishwa uzito, likiganda toboa tundu la skrubu katikati yake. Sasa skrubu imeshika epoksi, haijaigusa mbao. Weka na gundi ya boti chini ya mguu wa kiti. Silikoni ya vioo vya madirisha haidumu hapo.

Ubao wa tezi nao?

Simama nyuma, shika mashine ikiwa imeinuliwa, itikise juu na chini. Ubao ukicheza au ukiona ufa kwenye kona, nao umekwenda, na usiweke sakafu kabla hujauangalia. Sakafu inaishia pale. Ukiitangulia utaikata tena. Kazi ya tezi ni kubwa, inabeba mashine yote, na kama hujawahi kushika faiba mtafute fundi kwa hiyo tu.

Itachukua muda gani?

Anayejua, boti kavu, mihimili mizima: siku sita hadi kumi. Wewe na mdogo wako, jioni na Jumapili: mwezi na nusu. Panga kazi kati ya Juni na Septemba, kusi likivuma na joto likiwa la wastani, au kaskazi kwa kufanya kazi jioni tu. Masika usianze kabisa.

Nimemaliza. Naishusha leo?

Iache wiki moja. Kisha, ikiwa bado juu, chomeka mpira wa maji ndani ya ngama, ujaze inchi chache tu, upite chini kwa mikono na miguu ukitafuta tone. Fungua kizibo cha tezi utazame maji yanavyotoka: yakitoka yote pande zote mbili, vitundu vyako vya mihimili vinafanya kazi. Yakibaki upande mmoja, kuna puti imeziba njia, zibua kwa waya sasa hivi.

Halafu rudisha kizibo. Najua unacheka. Nimeshaona sakafu ya wiki mbili ikishushwa majini mbele ya jamaa na majirani, simu zinarekodi, na kizibo kiko mfukoni mwa mwenye boti.